Kabati Lenye Makufuli Mawili

Nchi ninayoisimulia iko mbali na kwenu, mbali kabisa, na watu wake hawafanani na nyinyi hata kidogo. Nalisema hilo mapema kwa sababu kila mara kuna msomaji mmoja ambaye akifika ukurasa wa pili anaanza kumgusa mwenzake kwa kiwiko. Mwacheni. Mimi nilikuwa mtumishi wa serikali ya nchi hiyo kwa miaka ishirini na sita, na mtumishi hapigi porojo. Anatoa taarifa.

Yote yalianza na jedwali. Mheshimiwa Profesa Kabuje, wakati huo Waziri wa Afya, alikwenda kwenye mkutano wa mataifa huko kwenye baridi, akakaa mstari wa mbele na suti yake mpya, mara ukutani wakaonyesha jedwali la magonjwa ya zinaa. Nchi yetu ilikuwa ya pili kutoka juu. Waziri wa nchi jirani, ambayo tuna ugomvi nayo wa mpaka, akacheka. Wanasema alicheka kidogo tu, kwa pua, lakini Mheshimiwa hakugusa chakula cha mchana siku ile.

Aliporudi, sisi watu wa kawaida tulidhani ataagiza dawa. Hatukumjua. Alipeleka bungeni Sheria ya Staha ya Taifa, ikapita kwa makofi kabla ya chai ya saa nne, na yeye akawa Waziri wa Staha. Alikuja mwenyewe mpaka kwetu Kivumoni kuizindua.

"Ndugu wananchi," alisema, na spika zikakoroma, "wako wataalamu wanaosema ugonjwa wa aibu unaletwa na kidudu. Mimi nimesoma kuwazidi. Ugonjwa wa aibu unaletwa na utovu wa adabu, kidudu kinafuata nyuma tu. Kuanzia leo, kidudu hicho hakina kibali cha kuingia kwenye ndoa halali."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi, haina mambo mengi. Asiyeoa wala kuolewa hatatibiwa, maana kumtibu ni kukiri kwamba kuna jambo amelifanya. Aliye kwenye ndoa atatibiwa, mradi kichwa cha kaya awe ameridhia na kusaini Fomu Namba Tisa. Kichwa cha kaya ni mume. Na siri za kichwa cha kaya zitalindwa na dola sawasawa na mipaka ya nchi. Msiniulize siri za mke zinalindwa na nani. Nilikitafuta kifungu hicho mara mbili, sikukiona, nikadhani kitakuwa kwenye kanuni.

Kila zahanati ikaletewa kabati la chuma lenye mlango wa kioo na makufuli mawili. Kioo ni ili wananchi waone kwa macho yao kwamba serikali imeleta dawa. Makufuli ni ili dawa hizo zisitoke ovyo. Ufunguo mmoja anao nesi, wa pili anao Afisa Staha wa Kata, na kwa Kivumoni afisa huyo nilikuwa mimi, Ngwali bin Mfaume. Niliuvaa shingoni kwa kamba, naoga nao, nalala nao. Mke wangu alikuwa akiniuliza kama siku hizi nimeoa kabati.

*

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri ajabu. Watu waliacha kuja zahanati. Walipoacha kuja, takwimu zikashuka, na takwimu ziliposhuka wilaya ikatuandikia barua ya pongezi. Nesi wetu, Sista Leokadia, aliisoma barua ile akiwa amesimama, akairudisha mezani, akasema wagonjwa hawajapungua ila wamejificha. Nilimwambia Sista, mgonjwa aliyejificha si mgonjwa wa serikali.

Nesi huyu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili. Hakuwa mtu mbaya. Tatizo lake lilikuwa moja, aliamini zahanati ni mahali pa kutibia.

Mwezi wa nne akaja Kombo. Huyu alikuwa fundi wa minara ya simu, anapanda juu huko wanakokaa ndege, wiki tatu yuko kazini, wiki moja nyumbani. Kampuni yake ilikuwa imempima damu, ikamkuta na kaswende, ikamwambia asirudi mnarani bila kutibiwa. Alikaa kwenye benchi la mwisho, kofia imemfika machoni, nami nikamletea Fomu Namba Tisa kwa heshima zote.

Penye jina la mgonjwa akaandika Kombo. Penye jina la kichwa cha kaya anayeridhia mgonjwa atibiwe akaandika Kombo. Akajiridhia mwenyewe, akasaini mara mbili. Sheria ilikuwa imezingatiwa kila herufi.

"Na mkeo?" Sista akamuuliza. "Naye inabidi apimwe."

"Mke wangu ana nini? Mke wangu yuko nyumbani anashona."

Tukafungua kabati, ufunguo wangu na ufunguo wa Sista. Alichomwa sindano tatu kwa wiki tatu, na mwisho nikampa Cheti cha Usafi wa Ndoa chenye nembo ya taifa, kinachotumika mwaka mzima.

Kombo alipoondoka Sista alibaki akikitazama kile kitabu cha vyeti. "Mzee Ngwali, yaani hiki kinasema huyu hawezi kuugua mpaka mwakani?"

"Hakisemi hawezi. Kinasema haruhusiwi."

"Na mkewe tukimwacha hivihivi, si atamrudishia palepale?"

"Mkewe hayumo kwenye faili, Sista."

Niliona nimejibu vizuri sana. Siku nzima nilikuwa nikijirudia jibu lile kichwani na kulifurahia.

*

Mkewe aliingia kwenye faili miezi miwili baadaye. Aliitwa Siwatu, fundi cherehani, ndiye aliyekuwa akishona sare za shule karibu zote za Kivumoni. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita na ushee. Kabla ya hiyo zilitangulia mbili. Ya kwanza iliharibika ikiwa kubwa, na mtoto wa pili aliishi siku tatu. Alikuja kliniki ya wajawazito, Sista akampima damu, kisha akatuma niitwe.

"Shikamoo, Mzee Ngwali."

"Marahaba, mama. Fomu imeshajazwa?"

"Ngoja kwanza na fomu yako," Sista akasema. "Siwatu ana kaswende. Mtoto yuko hai, nimemsikiliza sasa hivi, moyo unapiga vizuri. Nikimchoma mama leo, na wiki ijayo, na ile nyingine, mtoto ana nafasi nzuri ya kuzaliwa mzima. Tukichelewa, litakuwa lilelile la wale wawili."

Siwatu akageuka. "Wale wawili wangu? Ilikuwa ni hii?"

"Nahisi hivyo, mdogo wangu."

"Ina sindano?"

"Ina sindano."

Mikono yake ilikuwa juu ya tumbo, ananyoosha kitambaa cha gauni kana kwamba kimeshonwa vibaya. "Mimi niliambiwa nina tumbo lisilo na bahati," akasema. "Mama mkwe alinitembeza kwa waganga watano. Kumbe ina sindano." Kisha akanitazama mimi. "Mzee, mimi sijatoka nje ya ndoa yangu hata siku moja. Nimeolewa na Kombo, mwingine simjui."

Nikatazama dari. Faili la Kombo lilikuwa kwenye droo yangu, mwandiko wake ninaujua, harufu ya wino wake ninaijua. Lakini siri ya kichwa cha kaya ni siri ya dola, na mimi si mtu wa kuisaliti dola mbele ya cherehani.

"Mwite mumeo aje asaini," nikasema.

"Nikimwambia Kombo nina kaswende atanifukuza."

"Sheria haikusema umwambie. Imesema asaini."

Sista Leokadia alinyoosha mkono, kiganja juu. "Mzee, nipe huo ufunguo. Dakika mbili tu. Nitakurudishia."

"Fomu, Sista."

Mkono wake ulikaa hapo hewani muda mrefu. Dawa tulikuwa tunaziona wote watatu, zimepangwa nyuma ya kioo, hata vumbi hazina.

*

Msidhani mimi ni jiwe. Chakula nakula hakipiti, na mke wangu akaniuliza naumwa nini, nikamwambia ni siri ya dola. Kwa hiyo nikafanya anachofanya mtumishi mwema akisumbuliwa na moyo. Nikaandika barua.

Niliiandikia ofisi ya wilaya. Kichwa cha habari: Yah, Ombi la Kibali cha Kukumbuka. Nikaeleza kwamba, kwa ajali tu, ninakumbuka jambo lililo kwenye faili moja, na kwamba likijulikana huenda likamsaidia mama mmoja na mtoto aliye tumboni. Nikaomba niruhusiwe kulikumbuka hadharani, hata kwa dakika tano.

Wilaya ile tuliwahi kuiandikia kuhusu choo cha zahanati kilichoanguka, tukasubiri miaka minne. Safari hii walijibu baada ya siku sita. Afisa, walisema, hana kumbukumbu zaidi ya zilizomo kwenye mafaili. Mafaili ya vichwa vya kaya ni siri. Kwa hiyo hilo unalodai unalikumbuka, hulijui. Aidha, unaonywa.

Niliisoma mara tatu. Nilijaribu kwa dhati nisijue. Wakati huo Siwatu alikuwa akija zahanati kila Jumatatu, anakaa benchini mkabala na kabati, anaondoka adhuhuri.

*

Kombo aliporudi kutoka mnarani, Siwatu alimweleza. Hakumpiga. Wengi walimsifu kwa hilo. Alichukua tu Cheti chake cha Usafi, akakipeleka kwa Mwenyekiti wa Baraza la Staha la kata, akafungua shauri kwamba mkewe ameingiza ugonjwa kwenye ndoa yenye cheti.

Baraza lilikaa kwenye ghala la mbolea, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na harusi. Mwenyekiti, Bwana Mbaruku, alikuwa muuza nyama kwa kazi na mtu wa hekima kwa kuteuliwa. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, wote wanaume, maana sheria ilitaka wajumbe wasioguswa na jambo. Mimi nilikuwa katibu.

"Tumekusanyika," alisema Mbaruku, "kulinda ndoa, ambayo ni nguzo ya kaya, ambayo ni nguzo ya kata, ambayo ni nguzo ya wilaya." Alipanda na nguzo zake mpaka akafika kwa Mheshimiwa Waziri, hapo akapumzika. "Mama Siwatu, una la kujitetea?"

Siwatu alisimama. Tumbo lilikuwa limeshuka, na alikuwa ameshika ukingo wa gunia.

"Mwenyekiti, mimi sikuja kujitetea. Naomba mume wangu asaini ile karatasi, basi. Aandike kwamba mimi mbaya, aandike lolote analotaka, tena mbele yenu, halafu asaini. Wiki zimebaki chache. Akishazaliwa mtoto, mkinifukuza nitaondoka."

"Nikisaini nimekubali," Kombo akasema, akitazama mlango. "Mimi ni mzima. Cheti kinaonyesha. Katibu asome."

Nikasoma. Sauti ilitoka kama si yangu. Nikasoma jina, nikasoma nembo, nikasoma tarehe ya mwezi wa tano. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakimtazama mwanamke.

Ndipo Sista Leokadia aliposimama kule nyuma. Hakuwa amepewa nafasi.

"Mwulizeni alipewa hicho cheti baada ya nini. Alichomwa sindano tatu za kaswende. Nilimchoma mimi kwa mkono wangu, na kabati alifungua huyo Mzee Ngwali hapo mbele. Mkewe anaumwa ugonjwa wa mumewe, na mume alishatibiwa akanyamaza. Wote tunaolijua hili tumekaa kimya na mtoto anakufa. Basi mimi nimesema."

Kutoka ukumbini ukatufikia muziki wa harusi. Siwatu alimgeukia mumewe, akamtazama. Kombo alikuwa akihesabu magunia.

Mbaruku alijifuta jasho. Hapo niliuona ukubwa wake, maana mtu mdogo angetaharuki.

"Waheshimiwa wajumbe," akasema, "tumesikia siri ya dola. Kusikia siri ya dola ni kosa, na sisi tuko wengi, jela ya wilaya haitutoshi. Njia ya busara ni moja. Naomba Baraza lisahau. Wanaoafiki kwamba wamesahau wanyooshe mikono."

Kombo alinyoosha kwanza, ingawa si mjumbe. Wakafuata wajumbe, mmoja baada ya mwingine. Kisha Mbaruku akanitazama mimi, kwa kuwa katibu naye huwa anasikia. Mkono wangu ulikuwa wa mwisho kupanda. Nataka hilo liandikwe, ingawa mwandishi wa siku ile nilikuwa mimi na sikuliandika.

Uamuzi ukatolewa kwamba Bwana Kombo apewe wiki sita za kutafakari kwa utulivu kama atasaini au la, asibughudhiwe.

*

Kesho yake gari la wilaya lilikuja kumchukua Sista Leokadia kwa kosa la kutoa siri. Alipanda mwenyewe. Aliwaambia akina mama waliokuja kliniki wapimiane watoto uzito kwa zamu, mizani iko juu ya meza. Ufunguo wake walimvua shingoni, wakauweka kwenye bahasha na kuuandika kielelezo namba moja.

Mimi nilikaa ofisini siku mbili. Siku ya tatu kitu kikanikatika moyoni. Nikasema potelea mbali, liwalo na liwe, nikaondoka na ufunguo wangu bila fomu. Nilitembea katikati ya soko kifua mbele. Miaka ishirini na sita, jamani, sijawahi kufungua kitu bila fomu.

Siwatu alikuwa benchini. Alikuwa amekwenda hospitali ya wilaya kwa miguu yake, wakamwambia arudi atibiwe kwenye kata yake. Nikamsalimu, nikaliendea kabati, nikafungua kufuli langu. Likafunguka vizuri kabisa, nilikuwa nalitia mafuta. Likabaki la Sista.

Nilisimama hapo na kufuli mkononi. Wallahi sikuwa nimelifikiria. Kwa siku mbili nilikuwa nikipigana na ufunguo wangu tu, nikasahau kwamba ilitakiwa miwili.

Siwatu alikuja akasimama kando yangu. "Hicho ni kioo, Mzee. Si chuma."

"Ni mali ya serikali."

"Najua."

"Na nani atakuchoma? Nesi hatuna."

"Bibi Sakina, mkunga, yuko hapo nyuma ya soko. Amestaafu mwaka jana tu. Nimeshaongea naye, amesema nikimpelekea dawa atanichoma."

Alikuwa amepanga kila kitu. Kilichobaki ni mtu wa kuvunja kioo ambaye asingesemwa amevunja ili aibe, mtu wa serikali, mwenye ufunguo wa kuonyesha kwamba alikuwa na haki ya nusu ya kabati. Alinieleza hivyo, polepole, kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito. Pembeni ya mlango lilikuwepo jiwe la kuzuia upepo usiufunge. Nililiona, naye aliona nimeliona.

Nikawaza barua ya wilaya. Nikawaza "aidha, unaonywa." Nikamwambia nitaandika tena, safari hii kwa mkoa. Kisha nikalirudisha kufuli langu mahali pake na kulifunga, kwa sababu kuacha kabati nusu wazi ni kosa la kinidhamu.

Siwatu alirudi benchini akakaa. Hakunisema neno baya. Bora angenitukana.

*

Mkoa haukujibu. Lakini tulipata Ngao ya Staha, kata bora ya mwaka, kwa kutokuwa na mgonjwa hata mmoja kwa robo nzima. Niliisafisha ngao ile kwa majivu na ndimu, nikaitundika ukutani nyuma ya meza yangu, kama maelekezo yalivyotaka.

Siwatu alijifungua Alhamisi, wiki ya tano ya tafakari ya Kombo. Alizalishwa na Bibi Sakina. Alikuwa mtoto wa kike, nywele zake nyingi, vidole vyote kamili, na hakulia. Kombo alikuwa mnarani. Walimpigia simu, na kwa kweli ilishika vizuri, akasema poleni, yuko juu, atapiga.

Ijumaa asubuhi Siwatu aliingia ofisini kwangu, amejifunga kanga kiunoni kwa nguvu, akitembea kwa kushika ukuta. Alikuja kuchukua kibali cha maziko. Nilimpa kiti. Nilimwambia pole, akasema asante, Mzee. Nikatoa Fomu Namba Kumi na Nne, nikamjazia mwenyewe tarehe, kata, jinsi ya mtoto. Penye sababu ya kifo, mwongozo unataka tuandike "mapenzi ya Mungu," nikaandika. Nikamsogezea.

Aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari. Alipofika mwisho akaigeuza nyuma, nyuma kulikuwa kweupe, akairudisha mbele.

"Mahali pa kusaini baba pako wapi?"

Nikamwambia hii haina. Hii mama anaruhusiwa kusaini peke yake.

Alishika kalamu, lakini hakuandika.

"Una hakika, Mzee Ngwali? Maana wameshambeba, wako nje hapo wananisubiri. Nisije nikafika makaburini wakanirudisha."

Nikamwambia nina hakika. Akasaini.